Tofali limenitupa, mke kaficha mpini wa jeki: nifanye nini ndipo niruhusiwe tena kuingia chini ya gari?

Mwalimu wa Sahare

Wakuu, habari za jioni. Naomba muongozo, na naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanicheka.

Mimi ni mwalimu, naishi Sahare hapa Tanga. Nina Toyota Noah ya zamani, ile ambayo injini imekaa chini ya siti za mbele. Ufundi sikusomea. Nilianza na kubadilisha oili, nikaenda plagi, nikaenda breki pedi, na kila nilipofanikiwa nilijiona nimepanda darasa. Nyuma ya nyumba nimeezeka kibanda cha mabati, pande tatu zimezibwa, wa nne unatazama mwembe. Sakafu ni kifusi juu ya mchanga. Hiyo ndiyo gereji yangu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nabadilisha boljointi ya chini, kile kiungo cha kuzunguka kinachoshika tairi, upande wa kushoto mbele. Nikanyanyua kwa jeki ya mkasi iliyokuja na gari, nikafungua tairi, nikapanga matofali mawili ya saruji, yale ya nchi sita, chini ya chesisi, ule mgongo wa chuma wa gari, kisha nikashusha gari likakaa juu yake. Nikatandika boksi la friji, nikaingia. Boljointi nimeigonga robo saa nzima, haitaki. Ikabidi nitoke nikachukue nyundo kubwa ndani.

Nipo mlangoni, mguu mmoja ndani mguu mmoja nje, nikasikia mlio. Wala haukuwa mkubwa. Kama mtu anatafuna kashata. Kugeuka, Noah imekalia diski ya breki juu ya boksi langu, beseni la oili limekuwa sinia, na tofali la juu halipo. Sisemi limepasuka. Limekuwa unga. Pale kilipokuwa kichwa changu dakika moja nyuma, diski imezama kwenye boksi na kuacha duara safi kama muhuri wa shule.

Mke wangu alikuwa kibarazani anakuna nazi. Akainuka, akaja, akatazama boksi, akanitazama mimi. Hakusema neno. Akaokota mpini wa jeki akaingia nao ndani, na mpaka leo sijui kauweka wapi. Nimeuliza mara mbili. Mara ya pili nikajibiwa, "Mpini gani?"

Gari bado limelala vilevile, kazini naenda kwa bajaji. Sasa wakuu, kwa mtu anayefanyia kazi nyumbani, kipi ni cha lazima na kipi ni madoido? Hizi stendi za dukani zinaaminika? Na tafadhali msiniambie nipeleke kwa fundi. Nilishapeleka kwa fundi, ndiyo maana nikaanza kujifunza.

Mtoto wa Makorora

Pole sana ticha. Kwanza shukuru kwamba nyundo yako ilikuwa ndogo.

Pili, mpini katazame kwenye pipa la mchele. Bi mkubwa wangu alificha humo funguo za pikipiki ya mzee mwezi mzima, na mzee alikuwa anakula wali kila siku.

Fundi wa Barabara ya 12

Mwalimu, pole, na umshukuru Mungu. Nimeanza kazi hii mwaka 1984 pale Ngamiani, spanaboi, kazi yangu kuosha nati kwa dizeli na kutumwa chai. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu umesema kweli, wengi hapa wakiangukiwa na gari wanaandika "rafiki yangu".

Nianze na tofali, maana ndilo lililotaka kukuzika. Tofali la saruji linabeba ukuta kwa sababu uzito wa ukuta umelala juu yake lote. Chesisi haikai hivyo, inakaa kama kisigino cha kiatu cha mwanamke, sehemu ndogo, uzito wote pale. Chuma kikizidiwa kinapinda, unakiona. Mti ukizidiwa unalia, unausikia. Tofali linanyamaza, linanyamaza, halafu halipo. Na haya ya kwetu mengine saruji imepitishwa juu kama chumvi kwenye mchuzi. Wewe tena ukalikalisha gari juu yake, ukagonga robo saa. Kila pigo la nyundo lilikuwa linashuka mpaka kwenye tofali. Ulikuwa unalibomoa mwenyewe huku umelala chini yake. Jiwe la matumbawe la kule pwani usilifikirie kabisa, ndilo baya zaidi.

Jeki. Ile ya mkasi ni ya pancha barabarani, basi. Unabadilisha tairi, unashusha, unaondoka, na huna kiungo chako chochote chini ya gari. Jeki ya chupa na ile ya magurudumu zinanyanyua vizuri, lakini kinachokuzuia usipondwe ni oili iliyofungiwa ndani kwa sili ya mpira. Sili ikichoka haikupigii simu. Nyingine inashuka taratibu usiku kucha, nyingine inashuka mara moja. Kwa hiyo jeki inanyanyua, stendi inabeba, kisha jeki unairudisha iguse tu bila kubeba, ikae kama shahidi. Na lile tairi ulilofungua usiliegemeze ukutani, lilaze chini ya chesisi. Likitokea la kutokea, gari litalala juu ya tairi na wewe utabaki na nafasi ya kuvuta pumzi.

Umeuliza stendi za dukani. Zipo nzuri. Tafuta iliyogongwa uzito wake kwenye chuma chenyewe, si kwenye karatasi iliyobandikwa. Noah ni kama tani moja na nusu, chukua jozi ya tani 3, iwe na nafasi. Tazama maungio yaliyochomelewa: yawe yamejaa pande zote, siyo nukta nukta. Kama ni ya pini, pini iwe yake ileile. Nimekuta watu wameingiza kipande cha nondo. Nondo si pini, bwana. Na usipange rimu mbili ukaita stendi.

Kama pesa haijakaa sawa, mbao ngumu inakubali, magogo yaliyopasuliwa pembe nne, unayapanga msalaba msalaba kama kisanduku. Gogo la mviringo hapana, linabingirika. Mnazi hapana.

Sasa hilo jambo la mchanga. Hata stendi ya tani 10 ikisimama kwenye mchanga inakuwa sawa na tofali. Ina miguu midogo, mguu mmoja ukizama nusu nchi, juu gari linahama zaidi ya hapo. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi ardhi si ileile uliyoiacha jana. Mwaga zege, hata kama si kibanda kizima, mwaga mahali tairi na stendi zinapokaa. Ukishindwa, weka ubao mpana wa nchi mbili chini ya kila stendi, na pawe tambarare.

Na wewe upo Sahare, upepo wa bahari unakula vyuma vyenu huko kama mchwa. Kabla hujaweka stendi, gonga pale kwa mpini wa bisbisi. Ikilia "kong", weka. Ikilia "pwa", hapo ndani ni kutu iliyopakwa rangi, sogea utafute chuma.

Kabari nazo. Noah yako ya zamani inasukumwa na tairi za nyuma. Hendibreki inashika tairi za nyuma. Ukiweka paki, gia inashika hizohizo za nyuma. Ulikuwa na bahati ulinyanyua mbele. Siku ukinyanyua nyuma, vyote vilivyokuwa vinalizuia gari vimepanda hewani, mbele hakuna kilichoshikwa, mtoto akiegemea mlango linaondoka. Hata ukinyanyua tairi moja tu ya nyuma ukategemea paki, difu, ile gia inayogawa nguvu kwa tairi mbili za nyuma, itaiacha ile ya hewani izunguke, na ile iliyopo chini itembee. Chonga kabari nne za mbao, ziwekwe mbele na nyuma ya tairi zilizobaki chini. Jiwe linarukwa.

Nati za tairi zilegeze likiwa bado chini. Ukishanyanyua ndipo uanze kuvutana na spana, unalitikisa gari mwenyewe.

Halafu kabla hujaingia, lisukume. Kwa nyonga, kwa nguvu zako zote, kila upande. Likitaka kudondoka na lidondoke ukiwa umesimama.

Mwisho boljointi. Kuna pula yake, inabana inaitoa bila kelele, ukikosa njoo Ngamiani uulizie fundi mwenye jicho moja la ukungu, nitakuazima. Hilo jicho nalo ni nyundo. Nilikuwa nagonga ringi ya beringi kwa nyundo tupu, chuma juu ya chuma. Beringi ni chuma kigumu na kikavu, hakibonyei, kinameguka. Kikaruka kipande kama chembe ya chumvi, na nilidhani ni jasho. Tangu siku hiyo nagonga kwa kipande cha shaba katikati, na spanaboi wangu asiye na miwani hagusi nyundo. Wewe unayelala chini ya gari la Sahare unahitaji miwani hata kwa kutu peke yake.

Dereva wa Segera

Mnamtisha mwalimu bure. Miaka 20 nalala chini ya lori njia ya Segera hadi Dar, jeki na jiwe, usiku, mvua, tochi nimeing'ata mdomoni. Stendi na miwani ni mambo ya Wazungu. Ajali ni siku yako tu.

Fundi wa Barabara ya 12

Wewe dereva upo hai ndiyo maana unaandika. Waliobaki chini ya malori hawana bando.

Dereva wa Segera

Haya mzee, nimekusikia. Lakini ile ya kulaza tairi chini nimeichukua.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Habari zenu. Naomba niongeze yale ambayo mafundi hamyaoni kwa sababu mkishamleta mtu mnarudi gereji, sisi tunabaki naye.

Mwalimu, umesema kibanda kimezibwa pande tatu. Je, huwa unawasha injini humo? Tuliwahi kupokea vijana wawili usiku wa masika. Walikuwa wanasikiliza mlio wa injini ndani ya banda, mvua kubwa, wakafunga mlango. Wote kichwa kinagonga, wanatapika, miguu haina nguvu. Aliyewaleta alikuwa na uhakika ni malaria. Nikauliza mmeanza kuumwa saa ngapi? Saa mbili. Na wewe? Saa mbili. Malaria haiji kwa miadi. Watu waliokuwa mahali pamoja wakiumwa kichwa wakati mmoja, fikirieni moshi kwanza, watoeni nje kwenye hewa, waleteni.

Ni gesi ya kaboni monoksidi, ileile ya jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, ile tunayoisikia kila baridi ya mwezi wa sita na wa saba kule Lushoto. Haina rangi, haina harufu. Ile harufu ya ekzosi mnayoijua ni ya vitu vingine, gesi yenyewe huinusi. Inashikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu anapumua vizuri tu na mwili unakosa hewa. Na kufungua mlango mmoja hakutoshi. Injini ikiwaka, gari liwe nje, au ekzosi ielekee nje kabisa. Jenereta pia.

La pili, kunyonya petroli kwa mpira. Kila mtu anajifanya fundi wa kunyonya mpaka siku inayompita. Ikimezwa, msimpe kidole atapike, nawaomba sana. Inapopanda tena ndipo inaingia mapafuni, na mapafu hayana uvumilivu wa tumbo. Asuuze mdomo, aje hospitali, na kama anakohoa msisubiri asubuhi. Pampu ya mkono ya kuhamishia mafuta ni bei rahisi kuliko kitanda cha wodi.

La tatu ndilo linaloniuma. Chupa. Maji ya betri kwenye chupa ya maji ya kunywa, imewekwa dirishani, mtoto wa miaka minne katoka kucheza mpira ana kiu. Sitasimulia zaidi. Kitu cha gari kikae kwenye chombo chake, juu, pamefungwa. Maji ya rangi ya rejeta nayo ni matamu, mtoto na paka wote wanayapenda, na ni sumu. Asidi ya betri ikimrukia mtu machoni, mwosheni hapohapo kwa maji mengi yanayotiririka dakika 20, ndipo mpande bajaji. Msipande bajaji kwanza.

Nina zamu. Mwalimu, msalimie mkeo, namuelewa.

Mwalimu wa Sahare

Mzee wa Ngamiani, shikamoo. Dada nesi, ahsante. Nimesoma hapa nikasimama nikaenda kukagua kibanda kwa tochi. Chupa za maji za oili chafu nimezikuta tano, na moja hata mimi mwenyewe sijui ndani mna nini. Na ndiyo, injini huwa naiwasha humo mvua ikinyesha.

Kuna kitu sikukisema. Nyuma ya ukuta wa mabati, kama hatua sita, jirani yangu anachoma vitumbua kila asubuhi kwa jiko la mkaa. Na mimi huoshea spea kwa petroli. Hilo nalo ni tatizo, au nimeanza kuogopa kila kitu?

Fundi wa Barabara ya 12

Marahaba mwalimu. Hilo lingekumaliza wewe na mama wa vitumbua pamoja.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, haupandi juu, unatambaa chini kama maji yasiyoonekana. Beseni lako lipo ndani, unaosha kabureta unaimba, mvuke unapita chini ya bati, unafika kwenye mkaa, na moto unarudi kwa njia ileile kukutafuta. Petroli inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya barafu, seuze joto la Tanga. Dizeli mpaka ipashwe kupita nyuzi 50 ndipo mvuke wake ushike, ndiyo maana sisi wazee tunaoshea dizeli, nje, kwenye upepo. Nawe mikono usinawe kwa petroli. Pakaa mafuta ya kula kidogo, suguasugua, kisha sabuni ya unga na kiganja cha mchanga laini.

Ukifungua paipu ya mafuta kwenye hiyo Noah, kumbuka injini ya sindano, ile inayonyunyiziwa mafuta kwa presha, inabaki na presha hiyo hata ikizimwa. Chomoa fyuzi ya pampu, washa iende mpaka ijizime yenyewe, ndipo ufungue, na kitambaa juu yake. Taa ya globu usiingie nayo. Tone moja la petroli kwenye globu ya moto linaipasua, na ndani ya globu mna cheche. Tumia taa ya kuchaji.

Mtungi wa zimamoto wa unga mkavu utundike mlangoni, siyo ndani kabisa ambako moto utakuwa umeukalia. Na ndoo mbili za mchanga, Tanga mchanga haununuliwi. Maji kwenye petroli hapana, unaupeleka moto kwa jirani. Ukiona umekuzidi toka, piga 114, gari litanunuliwa jingine.

Na mtu asikudanganye kwamba tangi tupu linachomeleka salama. Tupu ndilo limejaa mvuke. Hilo mimi mwenyewe sigusi.

Waya Mbili

Nimechelewa, nilikuwa saiti. Mimi ni fundi umeme wa magari, nipo Mabawa. Mafundi injini wanadharau umeme wa gari, "volti 12 tu". Volti 12 hazikurushi, kweli. Lakini betri ina uwezo wa kumwaga mkondo unaoyeyusha chuma. Kijana wangu alikuwa anakaza tamino ya chanya, kile kishikio cha waya kwenye betri, pete kidoleni, spana ikagusa bodi na pete kwa pamoja. Sekunde moja. Pete ilikuwa nyekundu kabla hajapiga kelele. Toa pete, toa saa ya chuma, mwalimu, hata kama mke atauliza pete iko wapi. Mwambie umeiweka alipouweka mpini.

Ndiyo maana tunaanza kufungua waya wa hasi. Hasi imeungwa na bodi yote, kwa hiyo spana yako ikigusa bodi wakati unafungua hasi hakuna kinachotokea. Ukianza na chanya, kila chuma kinachoizunguka ni mtego. Kufunga, hasi inakuwa ya mwisho. Ukibusti, yaani kuwasha gari kwa betri ya gari jingine, ile klipu ya mwisho usiiweke kwenye betri iliyolala, iweke kwenye chuma cha injini mbali kidogo, kwa sababu betri inayochajiwa inatoa gesi ya haidrojeni na cheche ya mwisho inatafuta pa kuwakia. Sigara kando.

Gari lenye mifuko ya hewa, ile inayofumuka ajalini, chomoa betri, kanywe chai. Toyota wenyewe wanataka sekunde 90 kabla hujagusa, mimi nasubiri dakika kadhaa, sina haraka na uso wangu. Soketi za njano, ndizo za mifuko hiyo, usizipime kwa taa ya kupimia umeme. Na gari la haibridi, lile la petroli na umeme, nyaya za rangi ya chungwa ziache zilivyo, hizo si volti 12, mle mna volti 200 na zaidi. Hapo hata mimi niliyesomea navaa glavu za mpira maalumu.

Feni za umeme za rejeta nyingine zinajiwasha hata swichi imezimwa, injini ikiwa ya moto. Na jambo moja la kwetu Tanga hili: msuli. Najua Jumapili asubuhi kila mtu yupo na msuli wake. Usiinamie belti inayozunguka ukiwa na msuli. Nimeshaona mtu amebaki na kile alichozaliwa nacho mbele ya wapangaji. Alikuwa na bahati kwamba kilichovutwa kilikuwa kitambaa peke yake.

Mtoto wa Makorora

Huyo mtu wa msuli ninamjua. Hapana, simtaji.

Na rejeta jamani? Shemeji yangu alifungua kifuniko injini inachemka, mkono na shingo vyote viliiva.

Fundi wa Barabara ya 12

Mle ndani maji yamebanwa kwa presha, yamepita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua, yanachemka yote kwa mara moja usoni kwako. Subiri mpaka bomba la juu la rejeta ulishike kwa kiganja bila kuruka. Ndiyo hivyo tu, mengine ni haraka za watu.

Ila springi ya shokapu, mwalimu, hiyo usijaribu nyumbani na kamba. Lete.

Mwalimu wa Sahare

Wakuu, narudi na mrejesho baada ya wiki tatu.

Nilimtembelea mzee Ngamiani. Nilimtambua kwa jicho kabla hajajitambulisha, naye alinitambua kwa maswali. Kaniazima jeki ya magurudumu na pula. Boljointi iliyonishinda robo saa kwa nyundo ilitoka kwa mizunguko kumi na moja ya spana, nilihesabu, ikadondoka kwenye kiganja kama embe lililoiva. Nilijisikia vibaya kidogo kwa hasira zote zile.

Stendi nimenunua jozi ya tani 3, shilingi 95,000 baada ya kukaa kwenye benchi la muuzaji nusu saa nikibembeleza. Pini moja ilikuwa imepinda, nikabadilishiwa. Zege nimemwaga njia mbili za tairi pamoja na mahali pa stendi, vijana wawili wa mtaani na ndoo. Kibanda nimeng'oa mabati ya upande mmoja, sasa upepo wa bahari unapita moja kwa moja, na mwembe unaniangushia majani kwenye kisanduku cha spana. Jirani hakukubali kuhamisha jiko, alisema yeye alitangulia. Haki yake. Nimehama mimi: kuoshea spea sasa ni mbele ya nyumba, kwa dizeli, jioni, yeye akiwa ameshazima. Vitumbua nanunua vilevile.

Nilipogonga chesisi upande wa kulia ililia "pwa". Hilo nitalileta kwenye uzi mwingine.

Jana nilinyanyua gari kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Kabari nne, stendi mbili, tairi limelazwa chini, jeki imegusa. Nikamwita mke wangu aje aone. Akauliza, "Nafanyaje?" Nikamwambia lisukume. Akafunga kanga vizuri kiunoni, akalisukuma kwa nyonga, upande huu, upande ule, akazunguka akalisukuma kwa nyuma, mara tatu, kwa nguvu ambazo sikuzitegemea. Halikucheza. Akainama akatazama chini muda mrefu, akaigusa stendi kwa kidole kama anayeonja mchuzi.

Kisha akaingia ndani akarudi na mpini wa jeki.

Sikuwa na kazi nao tena, maana jeki yenyewe mzee ameshaishusha cheo, ni ya pancha tu. Lakini niliupokea kwa mikono miwili. Mtoto wa Makorora, ulikuwa na chenga za mchele kwenye tundu.